Kiatu cha Kioo na Mti wa Mutuba

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, katika shule ninayofundisha Kiswahili hapa Jinja, aliniletea daftari lenye mchoro wa kiatu cha kisigino kirefu, na juu ya kiatu hicho alikuwa amechora nyuso tano ndogo zilizokodoa macho. Nilimwuliza ni nyuso za nani. Akanijibu, kwa utulivu wa mtu anayemweleza mzee jambo lililo wazi, kwamba ni za watu waliokuwa wakicheza dansi karibu na Cinderella, kwa sababu mwalimu mwenyewe alisema kiatu kilikuwa cha kioo, na anayesogelea kioo lazima ajione. Sikuwa na la kumsahihisha. Kiswahili huita kioo kile cha dirishani na kile cha kujitazamia, nami nilikuwa nimelitumia neno hilo darasani pasipo kulifikiria hata kidogo. Nilimpa alama zote, nikamwomba mchoro wake, na mpaka leo umebandikwa ukutani juu ya meza yangu.

Zoezi lenyewe lilikuwa dogo. Niliwataka wanafunzi wasimulie upya kisa cha Cinderella kwa Kiswahili, bila kufungua kitabu, kila mmoja kwa namna alivyokisikia. Nia yangu ilikuwa kuwazoeza wakati uliopita na viunganishi, basi. Lakini nilipoketi kusahihisha, macho yangu yaliviruka viunganishi yakawa yanatafuta jambo moja tu: yule mwanamke aliyeolewa na baba wa msichana ameitwaje? Wachache waliandika "mama wa kambo", kama kamusi inavyotaka. Wawili waliandika "mama mdogo". Walio wengi waliandika "mke wa baba", ambayo ni Luganda iliyovaa kanzu ya Kiswahili, kwa kuwa kwa Luganda mtu huyo ni muka kitange, mke wa baba yangu, na hakuna zaidi. Mmoja aliandika "adui" tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wala hakutaja uhusiano wowote.

Neno hilo lilinichoma kwa sababu mimi nililelewa na mke wa baba. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka minne, na baada ya miaka miwili baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli pale Tororo, alioa mwanamke kutoka upande wa Mpigi. Huyo ndiye aliyenifundisha kusuka nywele, kumenya matoke bila kujipaka utomvu hadi viwikoni, na kusoma saa. Katika nyumba za reli tulizungumza Kiswahili kwa sababu jirani wa kulia alikuwa Mjaluo, wa kushoto Mwacholi, na wa mbele Mnubi. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, kinachonijia kwanza ni sauti ya mwanamke anayetuita chakula. Sasa mwanamke huyo, kwa mujibu wa madaftari thelathini na nane, alikuwa mchawi. Nilitaka kujua ni nani aliyempa uchawi huo, na lini. Ndivyo nilivyoanza kuisoma hadithi moja ya watoto kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia katika masomo yaliyonipa shahada.

Jambo la kwanza unalolikuta ni wingi. Mwaka 1893, jijini London, Marian Roalfe Cox alichapisha kitabu kilichokusanya matoleo 345 ya hadithi hii pamoja na jamaa zake wa karibu, na tangu hapo idadi imezidi kupanda. Waainishaji wa ngano, kuanzia Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, kisha Stith Thompson wa Marekani, hadi Hans-Jörg Uther wa Ujerumani mwaka 2004, wameiweka katika namba 510A, na namba hiyo hunifurahisha kuliko inavyostahili, labda kwa sababu mtoto wa reli akiiona hudhani ni ya behewa. Jina la msichana nalo limebeba majivu karibu kila lilikopita Ulaya: Cenerentola, Cendrillon, Aschenputtel. Katika maandishi ya Mfaransa Charles Perrault, nyumbani msichana huitwa kwa jina linaloyaunganisha majivu na makalio yake, kwa kuwa hukaa jikoni penye majivu, na ni yule dada mdogo wa kambo, ambaye ukali wake una kiasi, anayelilainisha likawa Cendrillon. Kwa hiyo jina ambalo leo linaandikwa kwenye keki za harusi lilianza kama tusi lililopunguzwa makali.

Wengi wanaotafuta asili ya hadithi huanzia kwa Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika yapata miaka elfu mbili iliyopita. Anasimulia habari za Rhodopis, mwanamke aliyekuwa akioga pale tai aliposhuka akanyakua kiatu chake, akaruka nacho hadi Memphis, akakiangusha mapajani mwa mfalme aliyekuwa ameketi nje akitoa hukumu. Mfalme akatuma watu kumtafuta mwenye kiatu, akamwoa. Memphis imekaa kando ya mto uleule unaotokea hapa Jinja, na ninakiri kwamba kwa siku kadhaa nilijivunia jambo hilo kana kwamba nina hisa ndani yake. Lakini katika kisa cha Strabo hakuna majivu, hakuna mama aliyekufa, wala hakuna mke wa baba. Kuna kiatu tu. Ninaamini kwamba kiatu kimewapoteza wasomaji wengi, kwa sababu kinang'aa na ni rahisi kukifuata.

Ukitaka kuikuta hadithi yenyewe inabidi uende China, katika maandishi ya Duan Chengshi ya karne ya 9. Duan anasema alisimuliwa kisa hicho na mtu aliyewahi kumtumikia, Li Shiyuan, mwenyeji wa nchi ya mapango ya Yongzhou huko kusini. Msichana anaitwa Ye Xian. Baba yake alikuwa mkuu wa jamii, naye alikuwa na wake wawili. Mmoja akafa akimwacha Ye Xian, kisha baba naye akafa, na msichana akabaki mikononi mwa mke wa pili. Nilipofika hapo nilisimama. Yule tunayemtafsiri kama mama wa kambo kumbe alikuwa mke mwenza wa marehemu, na msomaji wa Uganda hahitaji maelezo kuhusu yanayoweza kupita kati ya wake wenza wawili na watoto wao. "Mke wa baba" ya wanafunzi wangu ilikuwa inaukaribia ukweli wa Ye Xian kuliko kamusi yangu.

Ye Xian anatumwa kukata kuni mahali pa hatari na kuteka maji visima virefu. Siku moja anapata samaki mdogo mwenye mapezi mekundu na macho ya dhahabu, anamfuga kwenye beseni, na samaki anakua mpaka hakuna chombo kinachomtosha, ndipo anamhamishia bwawani. Humjia yeye peke yake, na huegemeza kichwa ukingoni kama mto wa kulalia. Mke wa baba anapogundua, anamtuma msichana mbali, anavaa nguo chakavu za msichana ili samaki adanganyike, anamwita, anamkata kichwa, anampika, na mifupa anaifukia chini ya samadi. Samaki hakuijua sura, aliijua nguo. Kisha anashuka mtu kutoka angani, nywele timtim na mavazi duni, anamwambia Ye Xian aichimbue mifupa, aifiche chumbani, na akitaka chochote aiombe. Kutoka kwenye mifupa hiyo zinapatikana nguo ya manyoya ya mdiria na viatu vya dhahabu vyepesi kama unywele, visivyotoa mlio hata vikikanyaga jiwe.

Watu husema haraka kwamba kiatu kidogo cha Ye Xian kinatokana na desturi ya Wachina ya kuwafunga wasichana miguu. Siliamini jambo hilo. Duan aliandika kabla ya desturi hiyo kuenea, na msimulizi wake alitoka pembezoni kusini, mbali na mabinti wa ikulu. Kinachonivutia zaidi ni mwisho wake, ambao matoleo ya watoto huukata. Mfalme wa kisiwa anayemwoa Ye Xian anaichukua ile mifupa na kuiomba vito na lulu pasipo kikomo kwa mwaka mzima, na mwaka unaofuata mifupa inanyamaza. Anaizika ufukweni pamoja na lulu, na hatimaye maji ya bahari yanaichukua.

Anayesoma hadithi za pwani yetu atakumbuka hapo yule paa wa Sultani Darai, katika ngano za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870. Kisa kile ni ndugu wa paka mwenye viatu wa Ulaya: mnyama mwerevu anamtajirisha bwana wake maskini kwa kumtafutia jina, mke na nyumba. Ila paka wa Perrault anamaliza akiwa bwana mkubwa anayewinda panya kwa burudani tu, ilhali paa wa Unguja anaugua, bwana wake anaagiza apewe uji wa mtama mbovu, anakufa, anatupwa kisimani, na bwana anaamka asubuhi akiwa jaani pale pale alipokuwa akichakura punje. Msaidizi wa kweli ni marehemu au ni mnyama, na hana njia ya kudai haki yake isipokuwa kwa kuondoka. Nafikiri msimulizi wa Unguja na yule wa Yongzhou wangeelewana vizuri sana.

Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka kati ya mwaka 1634 na 1636 baada ya kifo chake, ndiye aliyenishtua. Cenerentola wake, anayeitwa Zezolla, ana akina mama wa kambo wawili, na wa kwanza anamwua mwenyewe. Anamwomba ampatie nguo kutoka ndani ya sanduku kubwa, na mama huyo anapoinama anaangusha kifuniko na kumvunja shingo. Aliyemfundisha hila hiyo ni mwalimu wake wa ushonaji, ambaye kisha anaolewa na baba, anawaleta mabinti zake sita aliokuwa amewaficha, na kumrudisha Zezolla jikoni. Nilisoma kurasa hizo usiku umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu, na nikacheka peke yangu. Malaika wetu wa majivu alikuwa na damu mikononi na hakuna aliyemwuliza.

Kuhusu ubaya wa mama wa kambo, ndugu Grimm wa Ujerumani, wakusanyaji wa ngano, wana kesi ya kujibu, ingawa si katika hadithi hii. Katika toleo lao la mwaka 1812, yule malkia anayetaka kumwua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la mwaka 1819 amekuwa mama wa kambo. Mama wa Hansel na Gretel, anayeshauri watoto watelekezwe msituni, alibaki mzazi kwa muda mrefu zaidi, hadi toleo la mwaka 1840 lilipomgeuza naye. Mama mzazi alisafishwa, na uchafu wote akabebeshwa mwingine. Nilipowaeleza wanafunzi wangu, yule aliyeandika "adui" aliinua mkono akauliza kama mama wa kambo wa Cinderella naye alibadilishwa. Ikabidi nimwambie ukweli kwamba huyo alikuwa mama wa kambo tangu mwanzo. Akaridhika sana.

Toleo tulilokulia sisi ni la Perrault, la mwaka 1697, kwa kupitia filamu ya Disney ya mwaka 1950. Boga, panya waliogeuka farasi, saa sita za usiku, na kiatu cha kioo ni vya Perrault. Kuna waliodai baadaye kwamba aliandika manyoya na mchapaji akasoma kioo, kwa kuwa maneno hayo mawili ya Kifaransa hutamkwa sawa, lakini kilichochapwa ni kioo na sioni sababu ya kumpora mtu maajabu yake. Gioachino Rossini, alipoitungia hadithi hii opera huko Roma mwaka 1817, alikitupa kiatu akaweka bangili, akamtupa mama wa kambo akaweka baba wa kambo, na watu wakaipenda vilevile.

Kwa mara ya kwanza mimi niliiona hadithi hiyo ikitembea nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, katika kibanda cha video huko Kampala nilikokuwa nimekwenda likizo kwa shangazi. Wasioijua Uganda waelewe kwamba katika vibanda vile filamu haioneshwi hivi hivi. Kuna mtafsiri, tunayemwita vijei, anayekaa na kipaza sauti na kuisimulia upya kwa Luganda huku inaendelea, akiwapa wahusika majina, akiwakemea, akiwatabiria. Alipotokea yule mwanamke mwenye fimbo ya uchawi, ambaye Perrault anamwita mama wa ubatizo, vijei hakusita hata nukta moja. Alisema, "Ssenga wange atuuse," yaani shangazi yangu amefika. Kibanda kizima kikapiga vigelegele. Nilicheka na wenzangu, na ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba hakuwa akichekesha tu. Kwa Waganda, ssenga, dada wa baba, ndiye mwenye wajibu wa kumwandaa binti kwa ndoa, na mwanamke yule katika filamu hafanyi lolote jingine. Anakuja jioni, anamvisha binti, anampa masharti ya kurudi, anaondoka. Vijei alimtambua kwa kazi yake.

Ila katika kumtambua ssenga, kibanda kizima, nami ndani yake, kilimsahau mtu mwingine. Perrault alikuwa amekwisha kumwondoa. Kwake yeye mama mzazi hupita kwa maneno machache, kwamba alikuwa mtu mwema kuliko wote duniani, na hasikiki tena. Kwa Grimm ndiye anayefanya kazi yote. Katika toleo la mwaka 1812, mama aliye kitandani akikata roho anamwambia binti yake apande mti mdogo juu ya kaburi, na akihitaji kitu autikise. Msichana anautikisa, na mti unamwangushia nguo. Marehemu haonekani, hasemi, ila nguo zinashuka.

Nilipoamua kuwasimulia wanafunzi toleo hili, nilikwama kwenye jina la mti. Katika matoleo ya baadaye Grimm wanautaja mti wa jamii ya njugu za porini za Ulaya, ambao hapa hakuna aliyeuona. Nilifikiria mwembe, nikauacha, kwa kuwa watoto wangefikiria maembe tu. Nilifikiria mvule, nao nikauona mkubwa mno kwa kaburi. Kisha siku moja, nikiwa ndani ya teksi inayopita Mpigi, niliona kando ya barabara shina lililofungwa majani ya mgomba kuanzia chini hadi lilipogawanyika matawi, kama mgonjwa aliyefungwa bendeji, na nikajiona mjinga kwa kuchelewa.

Mutuba ni mti unaotoa nguo. Fundi huubandua gome lake lote katika kipande kimoja wakati wa mvua, akaligonga kwa nyundo za mti zenye mikato, akianzia na yenye mikato mipana akimalizia na yenye mikato myembamba, ndani ya banda lisilopigwa na jua, mpaka gome linapanuka mara kadhaa na kulainika likawa lubugo, kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu. Shina lililoachwa uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke, na baada ya muda linavaa gome jipya, ambalo litabanduliwa tena. Mti mmoja huwavika watu miaka mingi. Kazi hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na mafundi wake wa jadi ni wa ukoo wa Ngonge. Lubugo huvaliwa wakati wa kumtawaza Kabaka, na kwa lubugo Waganda huwafunga wafu wao kabla ya kuwazika. Kwa hiyo mti juu ya kaburi la mama, unaomvika binti nguo ileile aliyozikwa nayo mama, hauhitaji ndege mweupe wa Grimm wala uchawi wa aina yoyote. Niliwasimulia hivyo. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo boga halikuwahi kulinyamazisha. Boga, kwa kweli, lilikuwa limeleta ubishi, kwa sababu msichana mmoja alisisitiza kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuligeuza gari.

Ndipo mwanafunzi mmoja aliposema kwamba hadithi hiyo anaijua, ni Njabala.

Kila aliyelelewa na bibi wa Kiganda anamjua Njabala, na wasiomjua wanaujua wimbo wake. Njabala alikuwa mtoto aliyependwa kupita kiasi, mama yake akimfanyia kila kazi, asiruhusiwe kushika jembe. Mama akafa. Njabala akaolewa, na asubuhi mume alipompeleka shambani hakujua hata jembe hushikwa upande gani. Akakaa chini akalia, akimwita mama yake, na mzimu wa mama ukatoka kaburini, ukachukua jembe, ukalima huku ukiimba kwamba wanawake hulima hivi, abakazi balima bati, na ukimsihi bintiye asije akauweka mahali pa kukutana na mkwe. Hofu ya mwisho hiyo ina uzito wake: kwa mila ya Waganda mama mkwe na mume wa bintiye hawaonani uso kwa uso. Mume akasifu shamba, mpaka siku aliyofuata njia na kumkuta mkwewe, tena marehemu, ameinama na jembe. Mzimu ukatoweka na haukurudi.

Kila kiungo kipo: mama aliyekufa, binti asiye na msaada, kaburi linalofanya kazi, ndoa, na siri inayofichuka. Ilinijia hamu ya kuandika kwamba Njabala ndiye Cinderella wa Uganda, na ninafurahi kwamba nilijizuia. Msomi wa Marekani William Bascom aliuliza katika makala yake ya mwaka 1972 kama Cinderella yupo Afrika, na mfano aliouchunguza ni wa Wahausa, ambao kweli unafanana sana: yatima aliyeachwa mikononi mwa mke mwingine wa baba anamtupia chura ukoko wa chungu, chura anamtapikia nguo na viatu, naye anaacha kiatu kimoja kwa mtoto wa mfalme. Huyo ni jamaa wa damu. Njabala anajibishana na Cinderella kutoka ng'ambo ya mto. Kwa Grimm, mama anayeendelea kumhudumia binti yake kutoka kaburini ni wema usiokoma. Kwa bibi zetu, mama huyo ni tatizo. Alikosea akiwa hai kwa kumfanyia mtoto kila kitu, na anaendelea kukosea akiwa amekufa, mpaka aibu ya mkwe inapomkomesha. Wala katika Njabala hakuna mke wa baba wa kulaumiwa. Nafasi hiyo iko wazi, na aliyeketi ndani yake ni mama mzazi.

Hayo yote nilikwenda kuyasimulia kwa Mama, kijijini kwake, wakati wa likizo ya Desemba. Tulikuwa uani tunachambua maharage. Nilimweleza kuhusu samaki, sanduku, ssenga, mti na ndugu Grimm, na alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akitupa vijiwe kando. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja: "Na baba yake alikuwa wapi?"

Nilirudi Jinja nikafungua tena vitabu nikimtafuta baba, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimempita kila mahali. Kwa Perrault yu hai nyumbani humo, na msichana hathubutu kumlalamikia kwa sababu angemkaripia, maana mkewe anamtawala kabisa. Disney walimwua mapema, na labda walimwonea huruma. Kwa Basile anasafiri hadi Sardinia, anawanunulia binti sita wa mkewe kila walichoagiza, na ombi dogo la mwanawe analisahau mpaka meli inagoma kutoka bandarini. Kwa Grimm ndiye mbaya zaidi kwa kuwa ni mpole. Toleo la mwaka 1819 lilimnyang'anya mama lile agizo la kupanda mti likampa baba: sasa ni yeye anayeleta tawi kama zawadi ya safari, na binti ndiye anayelipanda. Ukisoma hapo tu utamdhania mzazi mwema. Lakini mwana wa mfalme anapofika na kiatu na kuuliza kama kuna binti mwingine, baba huyohuyo anajibu kwamba hapana, ila kuna kale kadogo kalikodumaa, ka marehemu mke wangu, na hako hakawezi kuwa bibi harusi. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma mara kumi, macho yangu yakiwa kwa mama wa kambo.

Pasaka iliyofuata wajukuu walijazana kwa Mama, na umeme ulipokatika wakadai hadithi. Nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na mlango. Akaanza kama wanavyoanza wazee wa kwao, "Awo olwatuuka," kisha akahamia Kiswahili kwa ajili ya watoto wa kaka yangu waliokulia Tororo. Alisimulia msichana, kaburi, na mutuba. Baba katika hadithi yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyekuwa safarini siku zote, na alisema hivyo bila kunitazama. Msichana alipoalikwa kwenye karamu alikwenda kaburini akalia, mti ukalegeza gome lake lote mara moja likamwangukia mabegani, naye akaondoka amevaa. Hapo mke wa baba akatoka nyumbani na mzigo wa majani ya mgomba kichwani, na kamba, akaenda kaburini peke yake, akalifunga shina lote tangu chini hadi penye matawi, kwa sababu jua la asubuhi lingeliua.

Mtoto mmoja aliuliza, "Na kiatu, Jajja?"

"Kiatu kipi?" akasema.